Taratibu ya Skuli na Madrasa katika Nchi ya Indonesia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyewatunuku waja wake akili na ilimu. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu wengi hutuuliza suali moja: mtoto wangu nimpeleke skuli au nimwache chuoni? Na aulizaye huwa amekwisha kuamini kwamba milango ni miwili tu, na kwamba amtiaye mtoto katika mmoja amemfungia wa pili. Suali hili halimaliziki kwa kughadhibikiana barazani. Lililo bora ni kuwatazama Waislamu wenzetu, watu wa madhhabi yetu ya Shafii, waliolikabili jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, tuone wamelitengeneza vipi, wamepata nini katika kulitengeneza, na wamepoteza nini. Watu hao ni watu wa Indonesia.

Mtu akisema kuwa Indonesia ni mbali na haituhusu, na aifungue Safina yake. Kitabu hiki, ambacho kwacho mtoto wa Lamu au wa Mombasa au wa Unguja hujifunza faradhi za udhu, kilitungwa na Sheikh Salim bin Sumeir, Mhadhrami, na yeye alifia Batavia, mji ambao leo huitwa Jakarta. Na sherehe yake iitwayo Kashifatus Saja ni ya Sheikh Nawawi wa Banten, mtu wa Java, aliyesomesha Makka akafia huko mwaka 1897. Wao husoma Matni ya Abu Shujaa kama sisi, na Fathul Muin kama sisi, na Minhaji kama sisi. Aidha, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa harufi za Kiarabu, wao pia waliandika Kijava kwa harufi hizo, na maandishi hayo huyaita pegon. Hata leo mwanafunzi huko huandika maana ya kila neno kwa Kijava chini ya mstari wa Kiarabu, kwa mwandiko mdogo wenye kuning'inia. Bahari iliyowaleta Masharifu kwetu ndiyo iliyowapeleka kwao.

KIPIMO

Kabla ya kuingia katika khabari zao na tushike kipimo, tusije tukasifu au kulaumu kwa mapenzi tu. Mafakihi wetu wameigawa ilimu iliyo lazima mafungu mawili. La kwanza ni fardhi ain, lisilomwachilia mtu yeyote aliyebaleghe mwenye akili: kujua itikadi yake, tohara yake, sala yake na funga yake, na hukumu za kuuza na kununua kwa afanyaye biashara. La pili ni fardhi kifaya, ambalo wakilisimamia watu wa kutosha wengine husalimika, na wakiliacha wote, wote huingia katika dhambi. Na mtu asidhani kuwa fungu hili la pili ni tafsiri na fikihi kubwa peke yake. Imamu Ghazali katika Ihya ametia ndani yake utabibu na hisabu, kwa kuwa miili ya watu na mali zao haziwezi kusimama bila ya hizo. Basi mji wa Waislamu usio na tabibu una deni, na mji usio na mtu wa kutoa fatwa una deni vilevile.

Kwa hiyo taratibu yoyote ya masomo tutaiuliza mambo mawili. Je, kila mtoto hutoka na fardhi ain yake? Na je, umma hupata watu wa kutosha kwa kila fardhi kifaya, ya dini na ya dunia?

WIZARA MBILI

Indonesia ni visiwa zaidi ya 17,000. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walikuwa zaidi ya milioni 270, na katika kila watu 100 kama 87 ni Waislamu. Juu ya haya, dola yao si dola ya Kiislamu kwa jina, wala si dola isiyojua dini. Msingi wa kwanza katika misingi mitano ya nchi ni kumwamini Mungu Mmoja, na ndani ya msingi huo wamo pia Wakristo, Mabaniani na Mabudha.

Skuli za kawaida ziko chini ya wizara ya ilimu. (Wizara hii imebadilishwa jina mara nyingi. Mwezi wa Oktoba 2024 iligawanywa, masomo ya chini na ya kati yakawa na wizara yake, na masomo ya juu yakawa na yake.) Mtoto huingia akiwa na miaka 7 au karibu yake, husoma miaka 6 ya chini, kisha miaka 3 ya kati, kisha miaka 3 ya juu, na hii ya mwisho ama ni ya ilimu kwa jumla ama ni ya kazi za mikono na ufundi. Ulazima wa kusoma ulitangazwa kwanza kuwa ni miaka 6, mwaka 1984, na tangu mwaka 1994 ukawa ni miaka 9. Katika skuli hizi dini ni somo moja miongoni mwa masomo, la saa chache kwa juma. Walakini Kanuni ya 20 ya mwaka 2003 imeweka sharti lililo zuri sana: mwanafunzi ana haki ya kufundishwa dini yake mwenyewe, na mwalimu awe ni mtu wa dini hiyo hiyo.

Ubavuni mwa wizara hiyo iko wizara nyingine, nayo ndiyo shabaha ya khabari yetu. Wizara ya Dini iliundwa tarehe 3 Januari 1946, miezi michache baada ya kutangazwa uhuru wa nchi mwezi wa Agosti 1945. Yeye ndiye mwenye madrasa. Na madrasa zao zina daraja sawasawa na zile za skuli: Ibtidaiyah miaka 6, Tsanawiyah miaka 3, Aliyah miaka 3, na mbele ya zote kuna bustani ya watoto wadogo iitwayo Raudhatul Athfal. Majina haya si mageni kwa msomaji wetu. Lakini lililo geni kwetu ni kuwa shahada ya Aliyah ni sawa mbele ya kanuni na shahada ya skuli ya juu. Kijana akitoka madrasa huweza kuingia chuo kikuu chochote cha dola akasome uhandisi au utabibu, na mtoto wa Ibtidaiyah akihama mji huhamia skuli ya Serkali katika darasa lile lile alilokuwa. Tena juu ya Aliyah wana vyuo vikuu vyao vya dini. Kimoja cha hivyo, kilichoko Jakarta kwa jina la Syarif Hidayatullah, kiligeuzwa mwaka 2002 kuwa chuo kikuu kamili, na leo humo husomeshwa usuli wa fikihi na husomeshwa utabibu.

Haya hayakuja kwa usiku mmoja, wala hayakutolewa bure.

ASILI YA MGAWANYIKO

Waholanzi walipotawala walijenga skuli chache, kwanza kwa watoto wao, kisha kwa watoto wa wakubwa wa nchi, na tangu mwaka 1907 skuli za vijijini. Katika skuli za Serkali yao dini haikufundishwa. Waislamu walibakiwa na pesantren zao, yaani vyuo vya bweni ambavyo ndani yake mwanafunzi hukaa karibu na sheikh wake, ambaye katika Java huitwa kiai, akisoma kitabu baada ya kitabu. Kisha Serkali ikavitilia shaka hata vyuo hivyo. Mwaka 1905 ilitoka amri ya kuwa asifundishe mtu dini katika Java na Madura ila kwa ruhusa ya maandishi, na aweke daftari la wanafunzi na masomo yake. Mwaka 1925 amri hiyo ililegezwa, ikawa yatosha kutoa khabari tu, lakini ikaenezwa mahali pengi zaidi. Na mwaka 1928 wanavyuoni wa Minangkabau, katika Sumatra, walikutana Bukittinggi wakaikataa. Mwaka 1932 ikaja amri nyingine juu ya skuli zote zisizo za Serkali. Watu wa dini na wasio wa dini walisimama pamoja kuipinga, na mwaka uliofuata ikaondolewa.

Hapa ndipo penye mzizi wa maradhi. Mtoto aliyetoka skuli alijua hisabu wala hakujua kutawadha. Aliyetoka pesantren alijua Fathul Muin wala hakuweza kusoma barua ya Serkali. Wote wawili ni watoto wa Waislamu, na kila mmoja alimdharau mwenziwe.

Watu wawili walilitazama jambo hili kwa macho mawili mbalimbali, na ajabu ni kuwa wote wawili walisoma Makka kwa sheikh mmoja, Sheikh Ahmad Khatib wa Minangkabau, aliyekuwa imamu na khatibu wa Mashafii katika Msikiti Mtukufu. Wa kwanza ni Ahmad Dahlan, aliyeasisi jamii ya Muhammadiyah katika Yogyakarta mwaka 1912. Yeye alizichukua meza, viti na ubao wa skuli za Waholanzi akafundishia dini, na wako waliomwita kafiri kwa sababu ya viti. (Jambo hili litajieni mara nyingi, ndugu zangu, katika khabari za kila nchi ya Waislamu: watu hugombana juu ya kiti kabla ya kugombana juu ya kinachosomwa na aliyekaa juu yake.) Wa pili ni Hasyim Asy'ari, aliyefungua pesantren ya Tebuireng karibu na Jombang mwaka 1899, na mwaka 1926 akawa mkuu wa jamii ya Nahdlatul Ulama. Yeye alishika taratibu ya wazee, kitabu mkononi na mwanafunzi mbele ya sheikh. Hata hivyo katika Tebuireng kwenyewe, mwaka 1916, lilifunguliwa darasa la madrasa, na baadaye zikatiwa hisabu, jiografia na lugha ya Kimalai. Na mwanawe, Wahid Hasyim, alipofungua humo madrasa yake ya Nizamiyah katika miaka ya 1930, sehemu kubwa ya masomo aliifanya ni ilimu za dunia. Kijana huyu ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Dini mwaka 1949. Na mwana wa Wahid Hasyim, Abdurrahman Wahid, ambaye alisoma pia katika pesantren, alikuwa rais wa nchi kutoka mwaka 1999 mpaka 2001.

Wala wanawake hawakuachwa nyuma katika habari hii. Rahmah el Yunusiyyah alifungua madrasa ya wasichana katika Padang Panjang mwaka 1923. Sheikhul Azhar Abdurrahman Taj aliizuru mwaka 1955 akapendezwa nayo, na mwaka 1957 Azhar ikampa bibi huyo lakabu ya Shaikha. Yule anayesema kuwa kumsomesha binti fikihi yake mpaka mwisho ni jambo la kizungu, na atazame tarehe hizi.

SABINI NA THELATHINI

Baada ya uhuru wizara mbili zilikaa pamoja bila ya kusikizana sana. Madrasa zilikuwa nyingi, kila moja na vitabu vyake na shahada zake, na shahada hizo hazikutambulikana nje ya mlango wake. Mwaka 1972, na tena mwaka 1974, rais alitoa amri zilizoelekea kuyatia mafunzo yote ya nchi chini ya wizara moja, ile ya ilimu. Waislamu waliingiwa na khofu kubwa, kwani waliona kuwa mwisho wa madrasa umefika. Wakalalamika, Serkali ikasikia, na tarehe 24 Machi 1975 mawaziri watatu, wa dini, wa ilimu na wa mambo ya ndani, walitia sahihi mapatano.

Mapatano yenyewe ni haya. Madrasa zitabaki mikononi mwa Wizara ya Dini. Shahada zake zitakuwa sawa na za skuli. Mwanafunzi wake ataweza kuhamia skuli na kuendelea mbele mpaka chuo kikuu. Na thamani ya hayo ni kuwa katika kila sehemu 100 za masomo, sehemu 70 ziwe ni masomo ya skuli, na 30 ndizo zibaki kuwa za dini.

Tupime sasa kwa kipimo chetu. Kwa upande wa fardhi ain, hapana shaka kuwa sehemu 30 zatosha. Mtoto wa madrasa yao husoma Kurani na Hadithi, itikadi na tabia, fikihi, tarikhi na lugha ya Kiarabu kwa muda wa miaka 12, kila moja ikiwa somo kwa nafsi yake. Ni wangapi katika watoto wetu wa skuli wanaopata haya? Na kwa upande wa fardhi kifaya ya dunia, mlango ulifunguka: mtoto wa mkulima maskini, aliyepelekwa madrasa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na rahisi, akawa aweza kuwa tabibu, wala asione haya ya mahali alipotoka.

Lakini fardhi kifaya ya dini iliingiwa na upungufu. Haikupita miaka mingi ila watu waliona kuwa vijana watokao Aliyah hawawezi kufungua kitabu kisicho na irabu wakakisoma. Wanavyuoni wakubwa walikuwa wakifa na warithi wao hawaonekani. Na aliyeliona hili hakuwa adui wa mapatano, bali ni Wizara ya Dini yenyewe. Mwaka 1987, katika zama za waziri Munawir Sjadzali, ilifungua Aliyah za namna ya peke yake katika miji mitano, ikaigeuza hesabu juu chini: sehemu 70 dini na 30 dunia, wanafunzi wateule, wakae bweni, na lugha ya masomo ya dini iwe Kiarabu. Maana yake walikiri kwa vitendo kuwa madrasa iliyofanywa kwa watoto wote haiwezi kumtoa mufti. Mufti ataka mahali pake.

Sisi twaona kuwa mapatano ya mwaka 1975 yalikuwa mema, na kuwa waliosema wakati ule kuwa dini itapungua walisema kweli. Mambo mawili haya hayapingani. Aliyekosea ni yule aliyedhani kuwa nyumba moja itafanya kazi zote.

PESANTREN

Kilichowaokoa ni kuwa hawakuivunja nyumba ya zamani walipojenga mpya. Pesantren iliendelea. Humo kuna njia mbili za kusoma, nasi twazijua zote mbili ijapokuwa kwa majina mengine. Ya kwanza huitwa sorogan: mwanafunzi mmoja humjia sheikh na kitabu chake, husoma, husahihishwa. Ya pili huitwa bandongan: sheikh husoma na kueleza, na jamaa nzima wamemzunguka, kila mmoja akiandika maana katika nakala yake. Muda haukadiriwi kwa miaka, hukadiriwa kwa kitabu. Aliyemaliza Ajurrumiya huenda mbele mpaka Alfiya, na asiyemaliza hukaa pale pale hata akiwa na ndevu.

Kwa muda mrefu mtu wa pesantren tupu, asiyepitia madrasa, hakuwa na shahada ya dola. Kidogo kidogo milango ikafunguliwa: kwanza baadhi ya pesantren zilitambuliwa kuwa masomo yao ni sawa na ya Aliyah, kisha vyuo vyao vya juu, vinavyoitwa Ma'had Aly, vikaanza kupewa ruhusa mwaka 2016. Kimoja cha hivyo, katika Situbondo mashariki ya Java, kilikuwa kikisomesha fikihi na usuli tangu mwaka 1990 pasipo kungoja ruhusa ya mtu. Na mwaka 2019 ilitoka Kanuni ya 18, kanuni ya pesantren peke yake, inayokiri kuwa kazi ya pesantren ni kufundisha, kulingania na kuwainua watu, na kuwa aliyesoma kwa vitabu vya wazee ana shahada kama mwenziwe. Na watakaopima kama masomo yao ni mazuri au mabaya ni baraza la masheikh wa pesantren wenyewe.

Lakini kutazamwa na dola kuna faida ambayo wanavyuoni hawapendi sana kuitaja. Ilidhihiri katika miaka ya karibuni kuwa katika baadhi ya mabweni wako watu waliowatendea watoto uchafu huku wamevaa vilemba, na wazee wa watoto wakanyamaza kwa kumwogopa sheikh. Hata mwaka 2022 Wizara ya Dini ikalazimika kutoa amri ya kuzuia na kushughulikia uovu huo katika mahali pote pa masomo palipo chini yake. Na tarehe 29 Septemba 2025 jengo la pesantren moja katika Sidoarjo, lililokuwa likiongezwa ghorofa, liliwaangukia wanafunzi wakiwa katika sala ya Alasiri, wakafa zaidi ya 60. Mwenyezi Mungu awarehemu. Heshima ya chuo haishiki dari. Fundi ashikaye vipimo ndiye aishikaye, na mkaguzi akija kuuliza vipimo hivyo asionekane kuwa ni adui wa dini.

SAA ZA ALASIRI

Bado kuna jambo moja, nalo ndilo lililo karibu zaidi na hali yetu. Watoto wengi wa Indonesia hawamo madrasani kutwa wala hawamo pesantren. Asubuhi huenda skuli ya Serkali, wakarudi adhuhuri wakala, kisha alasiri wakaenda madrasa ndogo ya mtaa, ambayo huko huitwa diniyah. Na walio wadogo zaidi huenda kusoma Kurani. (Zamani walianza kwa alifu na bee za Baghdadiya kama sisi, katika miaka ya 1980 As'ad Humam wa Yogyakarta alitunga vijitabu 6 vya kufundishia kusoma Kurani, viitwavyo Iqro', vikaenea nchi nzima.) Madrasa hizi za alasiri ndizo zinazombebea mtoto wa skuli fardhi ain yake.

Mwezi wa Juni 2017 waziri wa ilimu alitoa amri ya kuwa skuli ziwe siku 5 kwa juma na saa 8 kwa siku. Kwa mtu wa mjini mwenye kazi ya ofisini amri hii ilikuwa ni rehema, kwani mtoto hubaki mahali pamoja mpaka baba yake atoke kazini. Lakini Nahdlatul Ulama waliona mara moja kilichomo ndani: skuli ikichukua alasiri, diniyah haina wakati wa kufundisha; hufa bila ya kufungwa na mtu. Wakaandamana katika miji mingi, wakaandika, wakamwendea rais. Tarehe 6 Septemba mwaka ule ule rais alitoa amri yake, ikaifanya taratibu ya siku 5 kuwa ni khiari ya skuli kwa kushauriana na wazee wa watoto na watu wa dini.

Na tujitazame. Hapa pwani, katika miji mingi, alasiri imekwisha kuchukuliwa na masomo ya ziada, na mahali pengine hata Jumamosi imechukuliwa, na mtoto hufika chuoni Magharibi amechoka, akasinzia juu ya juzuu. Hapakutoka amri ya waziri. Ni sisi wazee tuliotoa, saa moja moja, na ada ya masomo hayo ya ziada tukalipa sisi wenyewe. Kisha mwalimu wa chuo hulaumiwa kuwa mtoto hajakhitimu. Watu wa Java walijua kuwa vita vya madrasa si juu ya vitabu peke yake, ni juu ya saa ya siku. Na saa hiyo waliitetea mbele ya rais wa nchi.

MALI

Mtu akiyasikia haya yote huweza kudhani kuwa Serkali yao ndiyo inayozilisha madrasa. Sivyo. Katiba yao, tangu ilipobadilishwa mwaka 2002, huamrisha kuwa sehemu 20 katika kila 100 za matumizi ya Serkali ziende katika ilimu, nayo ni sehemu kubwa. Walakini katika kila madrasa 10 zaidi ya 9 si mali ya Serkali. Ni za jamii za Waislamu, za vijiji, za watu wa msikiti. Serkali huzisaidia kwa kiasi cha wanafunzi, na baadhi ya walimu huwapa posho, lakini wengi wa walimu wa madrasa hizo hupata ujira mdogo kabisa, na hili ni aibu yao kama ilivyo aibu yetu.

Katika jambo la mali mfano ulio bora ni pesantren ya Gontor, katika Ponorogo. Iliasisiwa mwaka 1926 na ndugu watatu, Ahmad Sahal, Zainuddin Fananie na Imam Zarkasyi, na tangu mwaka 1936 ina taratibu ya miaka 6 ambayo ndani yake wanafunzi hulazimishwa kusema Kiarabu na Kiingereza. Mwaka 1958 ndugu hao walifanya jambo ambalo wengi hawaliwezi. Waliitoa pesantren yote, ardhi yake na majengo yake, kuwa wakfu. Wakaikabidhi kwa baraza la watu 15 kutoka katika waliosoma hapo, na watoto wao wenyewe wakawa hawana haki ya kuirithi. Mtoto wa muasisi akitaka kuiongoza, sharti achaguliwe na baraza.

Vyuo vingapi vya pwani hii vilikuwa vikijaa wanafunzi katika uhai wa mwalimu, na alipokufa warithi wakagawana nyumba, mmoja akataka chumba chake, wa pili akapangisha baraza kwa muuza nguo, na mikeka na mbao za wanafunzi zikatolewa nje? Mwalimu hakuwa mkosa wa nia; alikosa khati ya wakfu yenye mashahidi, iliyoandikwa mbele ya kadhi, yenye kutaja ni nani atakayemchagua mwalimu baada yake na kodi za maduka yaliyo chini zitatumiwa kwa nini. Khati hiyo ni ukurasa mmoja. Mwenye chuo na aiandike akiwa hai na akili zake ni timamu, nakala moja aiweke kwa kadhi, moja kwa tume ya wakfu, na moja aisome kwa sauti msikitini baada ya sala ya Ijumaa, warithi wake wakiwapo.